Muhuri wa Tatu wa Bibi Vioo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkurugenzi wa hospitali yetu. Madaktari wenzangu, wakubwa kwa wadogo. Wauguzi, ambao siku zote mnajua mengi kuliko mnayoulizwa. Ndugu zetu wa maabara, mliokaa viti vya nyuma kama kawaida yenu ingawa shughuli ni yenu. Shemeji yetu, mume wa mstaafu, pamoja na watoto na wajukuu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yangu, Bibi Vioo, unayetuaga leo. Habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi na tano, na mshereheshaji ameniomba niwe mchangamfu. Dakika nitajitahidi kuzitunza. Uchangamfu sikumwahidi.

Wamekwishasema watatu kabla yangu. Wote wamesema kwamba mstaafu wetu alikuwa mpole, aliwahi kazini, na katika miaka thelathini na moja hakuwahi kugombana na mtu. Nimesikiliza nikajiuliza: jamani, huyu tunamuaga au tunamzika? Maana ni maiti tu asiyegombana na mtu. Bibi Vioo amegombana. Amegombana miaka tisa mfululizo, kwa sauti ya chini, kwa mwandiko mzuri, na watu wawili waliomo humu ukumbini. Mmoja ni Mkurugenzi. Wa pili ni mimi. Na kwa kuwa alikuwa sahihi na sisi tulikosea, naona ni haki ugomvi huo usimuliwe leo akiwa bado ameketi mbele yetu, badala ya kungoja siku ambayo hataweza kutusahihisha.

Kwa faida ya familia yake, ambao wamemwona akitoka nyumbani kila alfajiri bila kujua anakwenda kufanya nini, nieleze kidogo. Mama akija kliniki yangu kupimwa, namlaza, napaka siki ya dawa kwenye mlango wa kizazi. Palipo salama hubaki na rangi yake. Palipoanza kubadilika, yale mabadiliko ya awali ambayo yakiachwa miaka huja kuwa saratani, hugeuka peupe. Hapo nachukua koleo refu lenye mdomo mdogo, nang'ata kipande kama nusu punje ya mchele, nakitia kwenye kichupa. Kichupa kinakwenda kwa Bibi Vioo. Yeye anakisimamisha ndani ya nta, anaikata nta hiyo vipande vyembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara, anavilaza juu ya kioo, anavitia rangi, kisha daktari wa hadubini anasoma. Ndiyo maana ya jina lake. Vioo alivyovitengeneza mkono ule, mkivipanga kimoja kimoja, vitatoka hapa jukwaani mpaka lango la hospitali na kurudi.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tukifanya kazi. Trei yetu ya vichupa ina matundu arobaini. Wanawake wa siku moja ni arobaini. Kwa hiyo ikawa sheria, wala hakuna aliyeiandika: mama mmoja, kipande kimoja, kichupa kimoja. Ukichukua vipande viwili umevuruga trei, umevuruga daftari, umemvuruga karani. Unatazama palipo peupe zaidi, unang'ata hapo, unasema anayefuata aingie. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo madaktari kumi na wanne, na baadhi yao leo wanafundisha wengine. Niliwaambia jicho la daktari mzoefu halihitaji kipande cha pili. Nilisema hivyo kwa kiburi, na kiburi cha msomi ni kibaya kuliko cha tajiri, kwa sababu tajiri hujua fika kwamba mali yake inaweza kuisha.

Na karani wa dirisha la majibu alikuwa na mihuri miwili. Mmoja umeandikwa SAFI. Wa pili umeandikwa ARUDI. Anasoma karatasi ya maabara, anagonga kadi ya mama, basi. Lakini karatasi ya maabara wakati mwingine ilikuja na neno la tatu. Bibi Vioo alikuwa anapokea kichupa, ndani yake anakuta damu na ute, au kingozi chembamba kama ukucha uliokatwa, kimelala kifudifudi, hakisimami hata ukikibembeleza vipi. Hapo aliandika, na daktari wa hadubini akasaini chini yake: "Kipande hakitoshi kusema lolote. Naomba kingine." Karani afanyeje? Hakuna saratani iliyotajwa. Hawezi kugonga ARUDI. Basi anagonga SAFI. Msimlaumu karani. Tulimpa mihuri miwili, akatumia miwili.

Bibi Vioo aliligundua hilo mwaka wake wa ishirini na mbili wa kazi, kwa bahati tu, jirani yake, ambaye kipande chake hakikutosha, alipomwonyesha kwa furaha kadi iliyogongwa SAFI. Akaandika barua kwa Mkurugenzi. Akaomba kitu kimoja: muhuri wa tatu, ulioandikwa HATUJUI. Hakuomba mashine wala kupandishwa cheo. Aliomba kipande cha mpira na herufi saba.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakumbuka jibu lako kwa sababu nilikuwepo kikaoni na nilikupigia makofi. Ulisema: "Hospitali ikisema haijui, nani atakuja?" Tukacheka, tukaingia ajenda inayofuata, ambayo nadhani ilikuwa rangi ya mapazia.

Barua ya pili alinipa mimi. Nikaiweka chini ya birika.

Miaka mitano iliyopita alikuja kliniki mwenyewe, kwa miguu, toka maabara mpaka kwangu, korido nzima ile, akiwa na koti lake jeupe lenye madoa ya zambarau na karatasi mkononi. Benchi lilikuwa limejaa. Akaniambia kwa heshima kwamba kuna kichupa cha asubuhi ya juzi, namba ishirini na saba, hakina kitu, anaomba mama huyo aitwe tena na safari hii nichukue vipande vitatu, na ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi pakwanguliwe. Mbele ya wagonjwa, mbele ya wauguzi, nilimjibu hivi, na naomba mlisikie kama nilivyolisema:

"Dada, wewe kata nta. Watu niachie mimi."

Benchi likacheka. Yeye akaikunja ile karatasi mara mbili, akasema, "Sawa, daktari. Ila mimi nta naiona yote," akarudi zake. Sikuuliza namba ishirini na saba ni nani. Sikuitazama karatasi.

Ndugu wageni waalikwa, namba ishirini na saba alikuwa wifi yangu.

Niwaeleze wifi yangu alikuwa mtu gani, ili msidhani namsimulia mgonjwa. Mke wa kaka yangu mkubwa, fundi cherehani, mwenye ulimi. Toka aolewe alikuwa akiniita Bwana Mkubwa, eti kwa sababu naingia nyumbani kwa kaka nauliza chakula kabla ya kuuliza hali. Gauni hili nililovaa alilishona yeye, na aliniambia limebana kwa makusudi, ili nikumbuke kushuka ngazi badala ya kupanda lifti. Alikuwa hataki kabisa kupimwa. Nilimsumbua mwaka mzima. Nilimbandikia hata lile bango letu la kliniki kwenye kioo cha duka lake, lile la mficha maradhi kilio humuumbua. Mwisho akaja, akalala kitandani, akaniambia nikimtania nje ya chumba kile atanishonea sanda badala ya gauni.

Nikapaka siki. Peupe palikuwepo, si pengi. Nikang'ata mara moja, nikasema tumemaliza. Akainua kichwa.

"Umekata wapi, wifi?"

Nikamwambia pale palipoonekana pabaya zaidi.

"Hapo tu? Mimi nikiletewa jora lina nondo sifungui kona moja nikasema zima. Nalifungua lote, wifi. Nondo hawakai unapowatafuta."

Nikacheka. Nikamwambia ashone nguo, udaktari aniachie. Mnaona? Sentensi ile ile niliyompa Bibi Vioo siku mbili baadaye. Nina sentensi moja tu ya kuwajibia wanawake walionizidi akili.

Kadi yake ikagongwa SAFI. Aliibandika kwenye kioo cha duka, chini ya bango langu. Wateja wake kumi na mbili, kwa hesabu yake mwenyewe, walikuja kupimwa kwa sababu ya kadi ile.

Mwaka wa pili akaanza kupata damu isiyo ya siku zake. Hakuniambia. Kwa nini aniambie? Alikuwa na muhuri wa hospitali. Alipokuja kuniambia, mgongo ulikuwa umekwisha kuuma miezi mitano, na mguu mmoja umevimba. Nilipomlaza kitanda kile kile sikuhitaji siki. Donda lilikuwa limekua toka ndani ya mfereji, mahali ambapo koleo langu halikufika na jicho langu la mzoefu halikuona.

Siku hiyo nilikwenda maabara. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle katika miaka kumi na nane. Hebu jiulizeni: daktari anatuma vichupa arobaini kwa siku kwenye chumba, na hajui chumba kina dirisha au hakina. Hakina. Nilitaja jina la wifi yangu, tarehe. Bibi Vioo akafungua daftari, akashuka kwa kidole, kidole kikasimama. Akafungua kabati la droo za bati, akatoa kioo, akakiweka chini ya hadubini, akasogea pembeni. Akasema tu, "Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Damu. Ute. Na pembeni, kingozi kimoja kimelala kifudifudi.

Kisha akatoa kopo la biskuti. Ndani, zimefungwa kwa mpira, nakala za kila karatasi aliyoandika hakitoshi toka barua yake ya kwanza. Mia tatu na sita. Ile ya wifi yangu ilikuwa na mikunjo miwili. Nilingoja anitukane. Ningepona kidogo kama angenitukana. Alinivutia kigoda, akauliza tunaanzia wapi.

Wifi yangu alifariki baada ya wiki tisa. Sitaeleza wiki hizo. Waliouguza ugonjwa ule wanajua harufu yake, na wasioujua wabaki hivyo. Nitasema tu kwamba mpaka mwisho aliniita Bwana Mkubwa, na kwamba hakunirudishia habari ya jora hata mara moja.

Nilikaa nayo siri hii. Kaka yangu yuko hapa, mstari wa tatu. Nilimweleza wiki iliyopita, mezani kwake, kwa sababu hakustahili kuisikia ukumbini pamoja nanyi. Nilieleza yote, kipande, kichupa, korido, karatasi. Kisha akasema, "Ya jora alinisimulia. Alikuja nyumbani siku hiyo anacheka, anasema wifi amenikata kona." Akaondoka kwenda kuzima jiko. Kaka, asante kwa kuja. Najua hukuja kwa ajili yangu.

Tulichokifanya baada ya mazishi ndicho ninachotakiwa na ratiba kukiita mchango wa mstaafu. Tulilinganisha. Kwa miezi ishirini na sita, kila mama aliyekubali, tulichukua kipande cha kwanza kwa desturi yangu ya zamani, palipo peupe zaidi; kisha cha pili na cha tatu kwenye weupe mwingine, hata ule hafifu nisioutilia maanani; kisha tukakwangua ndani ya mfereji. Kila kimoja kichupa chake. Trei ikavurugika, daftari likavurugika, karani akanuna, na dunia haikuisha. Wanawake themanini walithibitika baadaye kuwa na mabadiliko makubwa. Kipande changu cha kwanza, cha jicho langu, kilikuwa kimewaona hamsini na mmoja. Cha pili kiliongeza kumi na watano. Cha tatu saba. Mfereji ukatuonyesha wanne ambao hakuna koleo lingewagusa. Watatu waliobaki hakuna kipande kilichowaona, mpaka walipoendelea kufuatiliwa.

Hamsini na mmoja kati ya themanini. Na mimi niliitwa bingwa.

Wapo madaktari wa rika la chini, nawaona, wanaonong'ona kwamba kwa nini tuhangaike na koleo, tukate tu kwa waya. Waya wa kitanzi, unapitishwa umeme, unatoa kipande kikubwa cha kutosha, na mara nyingi unatibu hapo hapo. Kweli. Ni kifaa kizuri na wanaostahili tunawakata. Lakini muulizeni Bibi Vioo kuhusu kingo zilizoungua zisizosomeka. Na muulizeni mama ambaye hajazaa, aliyekatwa nyama nzima bila sababu, kisha mimba yake ikataka kutoka kabla ya wakati. Huyo naye ana haki ya kuuliza mmekata wapi, na kwa nini. Kukata kidogo mno kwa uvivu, kukata kikubwa mno kwa uvivu: ni uvivu ule ule umebadilisha kifaa. Alichotufundisha mstaafu ni kazi ya katikati, inayochosha: funga macho ya kiburi, fungua jora lote, na ukiona huoni, sema huoni.

Wale mia tatu na sita tuliwatafuta. Tulitumia simu, majirani, shule za watoto wao. Tuliwapata mia moja na arobaini, tukawapima upya, na wengi, namshukuru Mungu, walikuwa salama kwa bahati, si kwa kazi yetu. Kwa wengine kumi na tisa tulijibiwa na familia zao, kwamba wamekwisha kufariki. Waliobaki hatujui waliko. Wako mahali fulani sasa hivi, wana kadi ndani ya droo, imegongwa SAFI, nao wanatuamini.

Hatujui. Mnaona lilivyo neno jepesi? Ni la kweli na halijamuua mtu. Lile jingine ndilo liliua. Kwa miaka mingi tumewaambia wanawake kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Na mficha ujinga? Yeye kilio kinamuumbua lini, ikiwa anayelia ni mwingine?

Mheshimiwa Mkurugenzi, barua ya tatu ya Bibi Vioo, ile ya mwaka huu, iliyobeba hesabu hizi zote na saini yangu chini ya yake, iko ofisini kwako huu mwezi wa saba sasa. Juzi nilipouliza nikaambiwa inasubiri kamati. Nakuheshimu, umenizidi umri na umenisaidia mengi. Lakini leo ndiyo siku yake ya mwisho. Kuanzia kesho hatakuwepo mtu wa kukunja karatasi mara mbili na kuja kwa miguu. Kopo la biskuti litabaki, na makopo hayana miguu.

Kwa hiyo nimechongesha muhuri. Huu hapa. Nimeuchongesha kwa fundi wa mihuri wa kule nyuma ya posta, akaniuliza mara mbili kama nina hakika na maandishi, maana hajawahi kuombwa neno kama hilo na hospitali. HATUJUI, na chini yake, kwa herufi ndogo, RUDI TUKUPIME TENA. Wino umo.

Dada, njoo. Shemeji, mshike mkono, ngazi hizi ni mbovu. Kaka yangu ameleta kadi ya mkewe. Ameitoa kwenye kioo cha duka mwenyewe, asubuhi ya leo. Hii hapa. Neno SAFI bado linasomeka. Nakuomba uugonge muhuri wako hapo juu yake, uwe wa kwanza kuutumia, kwa sababu ndilo jibu ulilolileta kliniki kwangu ukiwa na miguu yako miwili, na ndilo jibu alilostahili kupewa.

Gonga kwa nguvu. Tusikie mpaka nyuma.

Asante, dada.

Kesho saa mbili asubuhi trei itaingia. Wanawake watakuwa kwenye benchi, na karani atakuwa na mihuri mitatu mezani. Mheshimiwa Mkurugenzi, ukitaka kuuondoa huu wa tatu, una mamlaka hayo. Ila njoo uuondoe mwenyewe, asubuhi, benchi likiwa limejaa, na uwaeleze sababu.

Limebaki moja. Naona pale mezani tumemfungia zawadi, na kwa umbo lake ni saa ya ukutani, kama tunavyompa kila mstaafu. Dada, usiichukue. Wewe hukuwahi kuchelewa. Tuachie sisi, nitaitundika kliniki, juu ya kitanda, mahali ambapo daktari hawezi kuinua macho asiione.

Nawashukuru mlioandaa shughuli hii, nawashukuru familia kwa kutuazima mama yenu miaka thelathini na moja, nami nawashukuru nyote kwa kunisikiliza dakika kumi na tano. Yeye tulimfanya angoje miaka tisa.